Neno la Mshika Bomba

Kansas, Jumanne, 23 Oktoba 1962

Delmar,

Jumamosi alfajiri uliniambia ni mazoezi ya wiki mbili. Jana jioni Rais alitokea kwenye televisheni akaeleza habari za makombora ya Kuba, na alipomaliza Nadine akaniuliza kama wiki mbili za baba bado ni wiki mbili. Nikamwambia ndiyo. Ana miaka saba, akaridhika. Mimi nina thelathini na mbili.

Duka la kambi limeishiwa maharage ya kopo na mishumaa. Ofelia Lucero, wa upande wa pili wa ukuta wetu, amejaza maji kwenye beseni la kuogea, kwenye sufuria zote na hata kwenye ndoo ya kudekia. Nilipomuuliza watoto wake wataoga wapi alisema, "Jirani, tukifa wachafu Mungu atatuelewa." Eusebio wake yuko huko na ninyi akitengeneza ndege yenu, kwa hiyo anacheka kama ninavyocheka mimi, mdomo tu.

Kazini, kwenye ghala la nafaka, naenda. Mtama unavunwa, na foleni ya malori imetoka kwenye mizani mpaka kwenye reli.

Kilichonikalisha niandike ni Maxine Whitlow. Leo mchana amekuja mizani amevaa gauni la kanisani, siku ya Jumanne. Alisimama karibu na dirisha langu kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau. Mwisho akasema kwamba Ames, mume wake, kwa kuwa ndiye mwongoza njia wenu, kila safari huchora mistari miwili kwenye ramani: wa kwenda na wa kurudi. Akasema kuna ramani nyingine, inayokaa kwenye bahasha iliyopigwa lakiri, ya siku ile ya vita ambayo hatuitaji kwa jina. Ile ina mstari mmoja. Kisha akaziba mdomo, akanunua gunia la chakula cha kuku, na hana kuku.

Delmar, mimi kazi yangu ni mizani. Lori likija limejaa nalipima, likiondoka tupu nalipima, na likiwa tupu linafika shambani kwa sababu lina mafuta yake lenyewe. Ndege yako, inayozijazia mafuta ndege za mabomu huko angani, haiko hivyo. Mzigo wake ndio mafuta yake. Kila ratili unayomtilia mwenzako unaipunguza kwenye safari yako ya kurudi.

Nijibu moja tu. Mkimaliza kutoa, yanabaki ya kurudia nyumbani?

Verna


Labrador, Jumamosi, 27 Oktoba

Mke wangu Verna,

Barua yako imefika leo, siku nne, si mbaya. Tunakaa wote wanne kwenye jengo moja lililo nusu chini ya ardhi, na ndege iko nje hatua mia moja. Tunalala na soksi. King'ora kikilia tunakimbia, tunawasha injini, tunasikiliza redio, tunaambiwa tuzime, tunarudi kucheza karata. Jana imekuwa mara tatu. Chakula ni kizuri kupita kiasi, nyama kila siku, na hiyo ndiyo inayowatia watu wasiwasi. Meja Coughlin, rubani wetu, amesema jeshi halijawahi kumlisha rubani vizuri bila sababu.

Eusebio hajambo. Hataki mtu mwingine aguse bomba langu la kutolea mafuta. Juzi amelala chini ya mkia katika baridi ya kuua akipaka mafuta viungo vya bomba. Nilimwambia atoke, akasema, "Nyamaza wewe, kazi yako ni kulala. Mimi naandaa kitanda." Ndio utani wao wote: kwamba mimi ndiye mtu pekee jeshini anayelipwa kwa kulala kifudifudi. Marubani wanasema wao huendesha ndege na mimi huendesha usingizi.

Lakini umewahi kuniuliza kwa nini naipenda kazi hii, na sikuwahi kukujibu vizuri. Nikiwa nimelala kule nyuma, kidevu kwenye mto, dirisha liko chini ya uso wangu, na bomba la kuwapitishia mafuta naliongoza kwa mkono. Ndege kubwa ya mabomu inapanda polepole mpaka naona marubani wake, naona kama wamenyoa. Meja yuko mbele, hawaoni. Kwa hiyo kuna kanuni moja: neno la mshika bomba halipingwi. Nikisema si salama, hata awe jenerali ndani ya ndege, tunaachana hapohapo na hakuna anayeniuliza kwa nini mpaka tumetua. Mimi mtoto wa mkulima, sikumaliza shule ya sekondari, na jenerali ananyamaza.

Kuhusu Maxine, anapenda kuongea. Mwambie Ames anakula vizuri. Mafuta ya kurudi yapo.

Mbusu Nadine. Mwambie huku theluji imeshaanza na kwamba nimeona mbweha mweupe karibu na jaa.

Wako,
Delmar


Kansas, Jumanne, 30 Oktoba

Delmar,

Sikungoja barua yako ndiyo niandike hii, lakini imenikuta kalamu iko mkononi, kwa hiyo nakujibu pamoja.

"Yapo." Wewe, mtu anayeandika ukutani kuku wa mama yako walitaga mayai mangapi, umeniandikia "yapo" bila namba.

Nimefungua droo yako ya jikoni, ile ya betri na kamba. Nimekuta daftari lako la mafunzo. Usikasirike, halina siri, lina hesabu tu. Nimekaa na penseli ya kazini. Mnaondoka na ratili laki moja na elfu tisini. Kufika juu kule mnakokutana mnachoma elfu hamsini na tano. Siku ile mkiambiwa mtoe yote anayohitaji yule mwenzenu afike anakokwenda, mnatoa laki moja na elfu thelathini na tano. Nimetoa mara tatu. Mara mbili nimepata sifuri. Mara ya tatu nimepata chini ya sifuri, nikaona nimekosea kubeba moja, nikarudia, nikapata sifuri.

Chini yenu kuna nini? Nimeangalia atlasi ya Nadine. Kuna maji na barafu, na jina moja limeandikwa kwa herufi ndogo sana.

Redio imesema Jumapili kwamba Warusi wanaondoa makombora. Watu wameshangilia dukani. Lakini ninyi hamjarudi, na mume wa mwanamke wa nyumba ya kona, ambaye anaruka na ndege za mabomu, bado yuko hewani kila siku. Kwa hiyo halijaisha.

Sasa sikiliza, kwa sababu sitaandika hili mara mbili. Wewe ndiye unayelala nyuma. Umeniandikia mwenyewe kwamba neno lako halipingwi na hakuna anayeuliza mpaka mmetua. Litumie. Ikifika siku ile, sema si salama, chomoa mapema, bakiza ya kurudi. Najua wale wengine ni sita na ninyi ni wanne. Najua kuhesabu. Simjui hata mmoja wa wale sita, na nimeandika na sifuti.

Ichome barua hii.

Verna


Labrador, Jumamosi, 3 Novemba

Verna,

Fupi leo. Theluji inavuma tangu jana alasiri na uwanja umefungwa.

Jana tuliruka. Kazi ya kawaida, si ile ya kwenye bahasha. Bomba lilisumbua mwishoni, ikabidi niachane na mwenzetu kabla ya muda. Tumetua salama wote wanne. Eusebio analishughulikia.

Usiwaulize watu habari hii. Wala Ofelia.

Nadine hajambo?

Delmar


Kansas, Ijumaa, 9 Novemba

Delmar,

Sikumuuliza Ofelia. Amekuja mwenyewe.

Jana nilikuwa naanika shuka nyuma. Akatoka na kikapu chake kikiwa kitupu, akasimama upande wa pili wa kamba. Eusebio amempigia simu kutoka huko, dakika tatu alizoruhusiwa. Amemwambia kuna ndege ya mabomu ambayo haikupata mafuta ya kutosha siku ya Ijumaa, kwa sababu bomba la ndege yake yeye Eusebio lilikuwa na kosa. Ile ndege haikuweza kumaliza njia yake, ikatua Greenland kwenye upepo, ikateleza nje ya uwanja. Rubani msaidizi, kijana anaitwa Luteni Garrick Sloane, amekatwa mguu chini ya goti. Kamati ya uchunguzi inakaa tarehe kumi na tisa. Wanasema fundi alizembea.

Nikamuuliza yeye Eusebio anasemaje. Ofelia akanijibu polepole, akikunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa: "Anasema kama Delmar ameona kosa, basi kosa lipo. Anasema yeye ndiye kipofu."

Nilikuwa na pini ya nguo mdomoni, Delmar. Niliishukuru hiyo pini.

Ana miaka kumi na sita jeshini, na cheo chake hakijawahi kushuka hata mstari mmoja. Watoto wanne. Ofelia anasema wakimvua cheo watahama nyumba hii ifikapo Krismasi.

Nimehesabu siku. Barua yangu ya tarehe thelathini ilichukua siku tatu, ikakufikia Ijumaa asubuhi, ukaruka Ijumaa. Kwa hiyo ni mimi. Nilikuambia utumie neno lako, ukalitumia, na si siku ile tuliyoiogopa. Ulilitumia siku ya kawaida, na kijana wa watu hana mguu.

Usinifiche kitu. Niambie ilivyokuwa, kwa namba.

Verna


Labrador, Jumatatu, 12 Novemba

Verna,

Sipitishi hii kwenye posta ya kambi. Kasisi wetu anarudi Kansas keshokutwa, atakutilia mlangoni. Hajui kilichomo.

Ilivyokuwa ni hivi. Tarehe mbili tulipanda saa tatu asubuhi kukutana na ndege ya mabomu iliyokuwa angani tangu jana yake. Zilipangwa ndege mbili za mafuta, sisi na nyingine. Ile nyingine injini ilizima njiani, ikarudi. Kwa hiyo redio ikatuambia tutoe fungu letu na juu yake ratili elfu kumi na mbili. Bomba letu linatoa elfu sita kwa dakika. Dakika mbili zaidi.

Nilikuwa nimeshamshika mwenzetu, mafuta yanakwenda. Kwenye simu ya ndani ya ndege nikamsikia Ames Whitlow akisema, kwa sauti yake ile ya kusoma, "Tukitoa na hizo, tunafika nyumbani na mafuta ya dakika kumi na nane. Theluji iko njiani. Uwanja ukifungwa kabla yetu, hakuna mwingine." Meja aliendelea kuendesha. Fungu letu la kwanza likaisha, na hizo dakika mbili zikaanza.

Nilibonyeza kitufe nikamwachia. Nikasema, "Bomba si salama, ishara imekatika." Rubani wa chini akaomba turudie. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Nikasema, "Sirudii. Si salama." Na hapo jambo likaisha, kwa sababu ndiyo kanuni. Yule msaidizi wake alikuwa ananitazama juu kupitia kioo, futi ishirini na kitu. Alikuwa na skafu ya miraba shingoni. Akaninyooshea kidole gumba, kwamba haidhuru, wakashuka kushoto.

Bomba halikuwa na kosa.

Tulipotua Eusebio alipima matangi kwa kijiti, kama kawaida yake. Tulikuwa na ratili elfu kumi na saba. Ondoa kumi na mbili nilizozuia, zinabaki tano, ndizo dakika ishirini na tano za kuruka. Theluji ilifunga uwanja dakika arobaini baada ya sisi kugusa chini. Kwa hiyo tungefika. Nimeirudia hesabu hii kuliko wewe ulivyorudia yako.

Kisha ikabidi niandike kwenye kitabu cha hitilafu. Niliandika mistari miwili, nikatia sahihi. Eusebio akaisoma, akaenda kuchukua taa.

Siku nne, Verna. Alifungua kila kitu. Siku ya nne akaandika kwamba ameona mpira wa kuzuia mvujo umechakaa na ameubadilisha. Kamati imeushika mpira huo. Wanasema kama ulichakaa, alipaswa kuuona kabla.

Meja aliniita tukatembea mpaka mwisho wa jengo. Hakuniuliza chochote. Alisema, "Sajenti, watu wanne wamerudi kula chakula cha jioni. Mimi sina la kuongeza." Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sasa kuhusu wewe. Barua yako ya tarehe thelathini haikufika Ijumaa. Theluji ilizuia ndege ya posta. Ilifika Jumatatu tarehe tano, siku tatu baada ya tukio. Nimetia bahasha yake humu, angalia mhuri wa posta ya kambi. Hukunituma. Ningependa kukuambia nilimfikiria Nadine nilipobonyeza kile kitufe, au wewe. Sikumfikiria mtu. Nilifikiria yale maji.

Nikisema, nimekwisha. Sitaruka tena, na huenda wakanifunga. Nisiposema, Eusebio amekwisha. Wiki nzima nimekaa mezani naye. Jana alinimegea keki yake.

Sijui, Verna. Nakuandikia kwa sababu sijui.

Delmar


SIMU YA MAANDISHI
Kansas, 15 Novemba 1962
Kwa Sajenti D. Stroud, Labrador

SEMA. VERNA


Labrador, Jumanne, 20 Novemba

Verna,

Nimesema.

Walikuwa maofisa watano na karani. Chumba kilikuwa na joto kali, kila mtu alikuwa amefungua kola. Eusebio alikuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini, mpira ule uko mezani kwenye mfuko mdogo wenye lebo. Nilipoitwa niliulizwa nieleze kosa la bomba. Nikasema hakukuwa na kosa la bomba. Kanali mmoja akafikiri sikuelewa swali, akalirudia taratibu, kama unavyorudia kwa mzee. Nikasema nimelielewa, bwana, niliachia kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu niliogopa tusifike, kisha nikaandika uongo kitabuni.

Karani akaacha kuandika. Kanali akamwambia aendelee.

Waliuliza kama kuna aliyeniagiza au kunishawishi. Nikasema hakuna. Barua yako nimeichoma kama ulivyotaka, na hata kama ingekuwepo jibu lingekuwa hilohilo.

Halafu Kapteni Whitlow akasimama bila kuitwa. Alisema ile hesabu ya dakika kumi na nane hakupaswa kuitangaza kwenye simu ya ndani. Angeweza kumwonyesha Meja kwenye karatasi, ndivyo wanavyofanya siku zote. Akasema, "Niliisema kwa sauti ili mtu aisikie." Wakamwambia akae. Meja Coughlin aliulizwa kama alishuku lolote. Akasema ndiyo.

Mimi wamenivua mistari miwili ya cheo na beji ya mabawa. Gerezani hawanipeleki, kwa sababu nimekuja kabla hawajatoa hukumu juu ya mtu mwingine, ndivyo Kanali alivyoeleza. Nitarudi Kansas, nitawekwa bohari ya blanketi mpaka watakapoamua kama wananihitaji. Whitlow na Meja wamepewa barua za onyo. Eusebio ameachiwa, jina lake ni safi.

Nilifikiri atakuja kunipiga. Nilisimama nje kwenye baridi nikimsubiri, niliona ni haki yake. Alitoka, akavaa glavu kidole kwa kidole.

Akasema, "Ule mpira ulikuwa mzima."

Sikumwelewa.

"Nilipekua siku nne sikuona kitu. Lakini mshika bomba amesema kuna kosa. Nikauangalia ule mpira mpaka nikauona umechakaa. Niliamini neno lako kuliko macho yangu, nikatia sahihi." Akamaliza glavu ya pili. "Sasa mtu akiniambia kitu kiko salama, nitajuaje?"

Akaenda zake. Ndege ilikuwa inangoja kuondolewa theluji kwenye mabawa.

Luteni Sloane amehamishiwa hospitali moja huko Massachusetts. Nimeomba anwani. Wamesema kwanza watamuuliza kama anataka nipewe.

Nafika Jumatano ijayo, tarehe ishirini na nane, kwa basi.

Delmar


Kansas, Jumamosi, 24 Novemba

Delmar,

Barua yako imefika leo asubuhi. Sijui kama hii itakuwahi. Isipokuwahi watairudisha na utaisoma jikoni.

Habari zilifika kabla yako. Jumatano kambi nzima ilikuwa inajua. Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na wake wa kikosi walipanga meza ndefu kwenye ukumbi kama kila mwaka. Nilikwenda na pai ya maboga na Nadine. Hakuna aliyenitukana. Walinipisha tu, kila upande kiti kimoja kitupu, mpaka Maxine Whitlow alipochukua sahani yake akaja kukaa. Alikula pai yangu vipande viwili, na hapendi maboga.

Ofelia hakuwepo. Alikuja jana mizani, mchana, katikati ya malori. Nilimfungulia mlango wa kibanda, akaingia, akabaki amesimama. Nilimwambia yote, Delmar. Nilimwambia nilikuandikia nini tarehe thelathini, neno kwa neno, hata lile la wale sita. Nilimwonyesha bahasha na mhuri, kwamba ilichelewa. Akaiangalia akanirudishia.

Akaniuliza, "Ungejua kwamba Eusebio wangu ndiye atakayelipa, ungeandika?"

Nilikuwa na lori juu ya mizani na dereva anapiga honi. Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Nilidhani hivyo." Kisha akasema, "Mimi sikuandika kwa sababu sikujua hesabu." Akatoka. Sijui kama huo ni msamaha. Sidhani.

Kuhusu mhuri nitakuambia ukweli, kwa kuwa sasa tumezoea. Nilipouona sikufurahi. Wiki moja nilikuwa nimelibeba jambo hili kama langu, nikawa nimeshapata namna ya kulibeba: mwanamke aliogopa akamwomba mumewe, mumewe akamsikiliza. Ukanipa bahasha ukaniondolea. Sasa kuna wewe peke yako umelala kifudifudi unaogopa maji, na mimi peke yangu huku natoa sita kwenye kumi. Tulifikia jibu moja bila kuulizana. Usije ukaniomba nijute ile barua. Na mimi sitakuomba ueleze kile kitufe.

Nadine anajua umekosea kazini na umesema. Ameuliza kama huwa tunapewa adhabu tukisema. Nimemwambia wakati mwingine ndiyo.

Eusebio amefika jana jioni. Nimesikia watoto wake kupitia ukutani, na nimesikia yale maji ya beseni la Ofelia yakishuka kwenye bomba la sinki, mengi, yamechukua muda mrefu. Naona wameamua kuyamwaga.

Jumatano basi linafika saa nane mchana. Sitakuja kituoni, nitakuwa kazini, na ni vizuri utembee. Ukitokea upande wa barabara, mlango wao unautangulia wetu. Watakuwa wamekuona dirishani kabla hujafika. Usiupite. Gonga, vua kofia, ungoje, hata kama hawafungui. Ngoja zile dakika mbili ambazo zingekutosha kutoa ratili elfu kumi na mbili. Kisha uje nyumbani.

Verna